Kuku Wasio na Upanga

Edmonton, 4 Novemba 1979

Bibi yangu,

Nakuamkia kutoka huku magharibi. Theluji imewahi mwaka huu, imeanguka juzi na haijainuka. Mimi mzima, kikohozi kimekwisha, na bado sijaolewa, nakujibu kabla hujauliza. Goti lako linasemaje? Na Mjomba Lucien, ameacha kuvuta kiko au anakudanganya tu kwamba ameacha?

Sasa nikueleze kilichonishikisha kalamu. Kituo cha mifugo ninakofanya kazi kinatafuta kuku wa zamani, wale wa mayai na nyama kwa pamoja, kabla hawajapotea. Wiki iliyopita mkuu wetu, Bwana Haldane, alituonyesha picha ya kuku mweupe, mnene kifuani, manyoya yamembana kama koti la baridi, na kichwani hana upanga. Pale penye ile nyama nyekundu ya utosini pana kijivimbe tu, kama punje ya kunde. Akasema huyu ni Chantecler, kuku wa kwetu Quebec, kazi ya mtawa mmoja wa Oka aliyeanza mwaka 1908 kuozesha majogoo na mitetea wa asili mbalimbali, huyu kwa kifua, yule kwa mayai, mwingine kwa utosi mtupu, mpaka akapata kuku ambaye Januari haimgandishi. Kisha akasema, "Nasikia kundi la mwisho limechinjwa mwaka huu. Amekwisha."

Bibi, niliinua mkono kama mtoto wa shule. Nikasema, "Hajaisha. Bibi yangu anao arobaini."

Walicheka. Haldane akasema kila bibi ana kuku weupe. Lakini akanipa fomu. Ina maswali matatu: walitoka wapi, nani aliwaleta, mwaka gani. Bila majibu hayo ni kuku weupe wa kijijini tu na kituo hakitawapokea. Nijibu upesi. Ningepiga simu, ila najua usivyoipenda.

Mjukuu wako,
Ghislaine


Pointe-aux-Aulnes, 25 Novemba 1979

Ghislaine,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara moja kwa miwani yangu na mara moja kwa ile ya marehemu babu yako, na zote zinasema jambo lilelile. Mwandiko wangu unaujua. Herufi nilijifunza kwenye magunia ya unga, na babu yako ndiye aliyenionyesha namna ya kuzishonanisha. Ukikuta neno limekaa vibaya, lisukume kidogo litasogea.

Goti ni bovu, lakini ni langu. Nguruwe tumemchinja, mnene, mapipa mawili ya nyama ya chumvi, sijui ataila nani. Lucien anavuta kiko nyuma ya ghala akidhani moshi hauna miguu. Jirani yetu Bibi Lortie bado anasikiliza simu za nyumba zote sita tunazotumia laini moja. Juzi nilipiga chafya nikiongea na daktari, nikasikia "pole, Exilda" katikati. Ndiyo maana sipigi, na wewe usipige.

Kuhusu kuku. Kuku ni kuku. Walitoka kwenye mayai. Andika hivyo.

Tena hata ukiandika, haisaidii. Nimekubali nyumba iuzwe. Baada ya Pasaka naenda kwa masista, kwenye nyumba ya wazee, nikakae dirishani na kulishwa uji na msichana aliyezaliwa jana. Kuku hawakaribishwi huko. Lucien atawachinja Jumatatu ya Wiki Takatifu, na mimi nitashika miguu. Nimesema wote. Hakuna wa jirani, hakuna wa sokoni, hakuna wa kupelekwa huko kwenu kwenye mabanda ya mabati.

Na huyo Haldane aliyekucheka, mwambie jogoo wangu mdogo ana kifua kuliko yeye. Vaa soksi mbili.

Bibi yako


Edmonton, 16 Desemba 1979

Bibi yangu,

Nakutakia Krismasi yenye pai ya nyama na watu wa kuila. Nimekutumia shali kwa posta. Ukiona rangi imekuudhi mpe Bibi Lortie, imzibe masikio.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaketi. Wote arobaini, Bibi? Tangu mama yangu alipofariki na wewe kunichukua nikiwa na miaka mitano, hao kuku ndio waliokuwa wakiniamsha. Ulinifundisha kuhesabu kwa mayai yao. Nakumbuka vibanda vyako viwili, jogoo wa kibanda hiki havuki kwenda cha pili ila kila mwaka wa pili. Nakumbuka kila vuli ukiwapanga majogoo vijana kwenye benchi na kuwavisha kastabini yako ya kushonea utosini kama kofia. Ambaye upanga wake haukuingia kwenye kastabini, supu. Nilimweleza Haldane. Hakucheka tena. Alisema mtu aliyefanya hivyo miaka sitini bila shule amefanya kazi ambayo vyuo vimeshindwa. Sasa anawataka kweli. Anachongoja ni yale majibu matatu.

Nakumbuka na jambo jingine, nalo nitaliuliza tu, usinifokee. Kila mwaka, siku moja katikati ya Kwaresima, ulikuwa huniruhusu kuingia bandani. Nilichungulia mara moja, nikiwa na miaka minane. Sakafu ilikuwa imelowa kutoka mlangoni mpaka kwenye viota, na wewe umepiga magoti unafuta kwa kitambaa. Kuku wote walikuwa wamekugeuzia mgongo, wanatazama ziwa. Hata mmoja hakutoa sauti. Uliniambia umemwaga ndoo. Ndoo ilikuwa imening'inia kwenye msumari, Bibi, kavu.

Na yule kijana wa kwenye picha iliyo juu ya saa, kaka yako Télesphore. Mjomba Lucien aliwahi kuniambia ndiye aliyependa kuku nyumbani kwenu. Ni yeye aliyewaleta?

Nakubusu mashavu yote mawili.
Ghislaine


Pointe-aux-Aulnes, 2 Februari 1980

Ghislaine,

Nimechelewa. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa sitaki.

Leo ni Siku ya Mishumaa, nimepika chapati za maji kama desturi, na nikarusha ya kwanza nimeshika sarafu mkononi ili mwaka uwe na heri. Imeangukia jikoni kwenye moto. Lucien akasema, "Mama, hiyo ni dalili." Nikamwambia dalili ya mkono wa miaka sabini na tisa. Tumekula zilizobaki na asali ya miti. Shali nimeipokea, ina rangi ya ini, inapasha joto, naivaa.

Sasa sikiliza. Télesphore alikwenda Marekani mwaka 1918 kukimbia jeshi, kwa sababu mwaka ule serikali ilikuwa inawabeba vijana kwa nguvu kwenda kufia Ulaya. Huko Marekani hakuandika. Ndivyo mama yangu alivyoamini na ndivyo alivyozikwa akiamini. Usinitajie tena jina lake kwenye barua. Barua hupita mikononi mwa watu.

Nilimwaga ndoo.

Kuhusu vibanda viwili umekumbuka vizuri, ila umesahau kwamba kifaranga wa kwanza kutoka ganda hana ubora wowote, ni mwenye papara tu. Chagua wa tatu, wa nne. Mweleze huyo Haldane, na umwambie simpi kuku, nampa ushauri.

Baridi ya mwaka huu ni ya uongo. Barafu ya ziwa inalia mchana. Sipendi barafu inayolia mchana.

Kula nyama. Kwenye ile picha uliyoniletea umekuwa mwembamba kama fimbo ya maharage.

Bibi yako


Edmonton, 24 Februari 1980

Bibi,

Nakuamkia kwa heshima, na leo sina habari za hali ya hewa.

Mjomba Lucien alinipigia simu kazini. Anasema huli. Anasema kutwa uko bandani unazungumza na mtu, na akiingia unanyamaza. Anasema ameshanoa visu kwa sababu umemwamuru, lakini kila akivitazama anatoka kwenda kuvuta kiko.

Mimi sikukuletea swali hili ili nikutese. Hawa ndio wa mwisho, Bibi. Si wa mwisho kwako, ni wa mwisho duniani kwa tunavyojua sisi. Wakichinjwa tarehe 31 Machi hakuna pengine pa kuwatafuta. Ukiniambia ni nani aliwaleta wataishi, na watoto wao wataishi, na mtu mwingine atawavisha kastabini.

Nitapanda treni tarehe 23 Machi na kufika kwako Jumatano tarehe 26, nimebeba matenga. Kabla ya hapo nangoja barua yako. Isipokuja, kwenye mstari wa aliyewaleta nitaandika neno moja tu ambalo fomu inaruhusu, "hajulikani", nami nitakuja na matenga matupu nikae nawe siku ya visu, kwa sababu wewe ndiwe uliyenilea na sitakuacha uishike miguu hiyo peke yako.

Ghislaine


Pointe-aux-Aulnes, 14 Machi 1980

Ghislaine, mjukuu wangu,

Sisi wazima. Lucien mzima, kiko chake kizima. Nimekula leo, mkate na supu ya njegere, kwa hiyo mwambie aache kuwasumbua watu kazini.

Neno lako nimelipata. Hajulikani. Nimelibeba siku kumi kama kokoto kwenye kiatu. Wewe hukujua unaandika nini. Mimi neno hilo nimelisema kwa kinywa changu, na lilimtoa mtu mlangoni. Sasa soma, na usinikatize, maana nikisimama sitaendelea.

Télesphore hakwenda Marekani. Alivuka ziwa tu. Msimu ule wa baridi wa 1918 alijificha kwenye kibanda cha wakata kuni nyuma ya bustani za watawa, upande wa Oka. Nyumbani nilijua mimi peke yangu. Mchuuzi mmoja wa sindano na vitambaa alikuwa akipitisha maneno yetu. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Kila asubuhi nilikuwa nawapaka kuku wetu mafuta ya nguruwe kwenye panga zao zisigande, na bado ziligeuka nyeusi na kudondoka, na kuku aliyegandwa upanga hatagi. Télesphore akaniletea habari kwamba watawa wana kuku asiye na cha kugandishwa. Mtawa mmoja mzee alikuwa akimpa mayai kwa kumpasulia kuni. Nikamwambia mchuuzi, mwambie aniletee ya kuatamiwa. Umesikia? Nilimwagiza mimi. Nilitania hata, nikasema, "Mwambie asirudi mikono mitupu kama baba."

Sasa siku ya Nusu-Kwaresima. Nyie hamkuikuta desturi hii ikiwa na nguvu. Alhamisi ya katikati ya mfungo watu huvaa foronya usoni yenye matundu ya macho, wanaume magauni, wanawake suruali, na kupita nyumba kwa nyumba. Hawasemi, au wakisema huvuta pumzi ndani ili sauti isijulikane. Wenye nyumba hukisia. Ukitajwa jina lako, unavua, unakaa, unakula. Usipotajwa mpaka wenzako wakaondoka, nawe unaondoka ulivyo, na njaa yako. Ni mchezo. Watu walicheka mpaka mbavu zikauma.

Tarehe saba ya mwezi wa tatu, alasiri, waliingia watano. Nyumba ilikuwa imejaa. Hormidas Lortie, baba mkwe wa huyu wa simu, alikuwa amekaa kando ya jiko amevua buti, na kila mtu alijua kwamba Hormidas alikuwa akipeleka majina kwa askari. Alikwishawapeleka vijana wawili wa parokia. Mmoja alikuwa binamu yake.

Wanne tuliwataja upesi. Mke wa mhunzi alitambulika kwa miguu, "hiyo ni miguu au mitumbwi?" baba akasema, naye akavua foronya akicheka. Wa tano alibaki. Mrefu, gauni la maua juu ya koti, limelowa mpaka magotini. Alisimama mbele ya mama. Mama akataja majina zaidi ya kumi, hakupatia. Akasema, "Mwanangu, wewe yeyote, utapata homa na gauni hilo." Alimwita mwanangu, Ghislaine. Hakujua.

Ndipo akafungua koti, akatoa kofia ya sufi, na ndani mna mayai kumi na matatu. Akayaweka mezani moja moja, na kila moja, kabla ya kuliweka, aliligusisha kwenye foronya, hapa shavuni, kupima joto. Kuna mtu mmoja tu duniani aliyepima mayai kwa shavu.

Hormidas akasema, "Exilda, wewe una jicho. Huyu ni nani?"

Nikasema, "Atakuwa mtoto wa Bédard."

Akatikisa kichwa.

"Basi dada wa mwalimu."

Akatikisa kichwa. Nilitaja parokia nzima. Nilitaja padri, wakacheka. Nilitaja marehemu wawili. Jina moja tu sikulitaja. Wale wanne walishakula, wakasimama kuondoka. Yeye hakuondoka. Akaja mbele yangu, akainamisha kichwa, nikayaona macho yake kwenye matundu. Alikuwa anatetemeka, na nguo zake zilikuwa zinachuruzika kwenye sakafu ya mama. Nilijua barafu ya ziwa imeanza kuoza, haimbebi mtu tena. Maji ya gauni yalinieleza.

Hormidas akajiinua kidogo kitini. Akasema, "Mbona huyu hataki kwenda?"

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti ili aniamini. Nikasema, "Huyu simjui. Hajulikani. Mtoeni nje, analowesha sakafu."

Akatoka. Niliogopa hata kumfuata na kipande cha mkate, maana Hormidas alikuwa anavaa buti zake polepole, akitazama dirishani. Alitazama mpaka hakuna cha kutazama. Ningeweza kumwonyesha Télesphore ghala kwa kidole, akajifiche. Ningeweza kuangusha kijiko, nikamnong'oneza tukiokota. Nimefikiria njia sitini na mbili tangu siku ile, moja kila mwaka, na zote ni nzuri.

Mwezi wa nne barafu ilipovunjika, foronya ilikuja ufukoni mwetu. Yeye hakuja. Niliichoma kwenye jiko nikamwambia mama kwamba mchuuzi amesikia Télesphore yuko Marekani, ana kazi ya kiwandani, anakula vizuri. Mama alifurahi. Mayai nilikuwa nimeyaweka tangu siku ile chini ya kuku wa jirani aliyekuwa akiatamia. Walianguliwa tisa.

Hao ndio kuku wangu. Na kila mwaka siku ya Nusu-Kwaresima, alasiri, kuku hunyamaza, hugeukia ziwa, na nyayo hutoka kwenye barafu mpaka bandani. Ni nyayo za maji juu ya theluji kavu, zinakuja na hazirudi. Babu yako aliziona mara moja, akavua kofia, akarudi ndani, hakuniuliza mpaka anakufa. Mimi hupiga magoti nikafuta. Miaka yote hiyo nafuta, na nikifuta nasema lile neno, simjui, simjui, kama mtu anayesali, maana niliogopa nikisema jingine atavua foronya nami nitauona uso wake ulivyokuwa. Ndiyo sababu nilitaka wachinjwe kwa mkono wangu. Nilidhani ni wao wanaomwita. Nilidhani wakifa atapumzika, nami nitakwenda kwa masista bila mtu wa kufuta.

Jana ilikuwa Alhamisi ya Nusu-Kwaresima.

Kuku walinyamaza mapema, hata kabla ya saa sita. Lucien nilimtuma kwa daktari wa mifugo akaulize jambo nisilolihitaji. Nilikaa bandani juu ya gunia nikiwa na kitambaa mkononi. Sakafu ikaanza kulowa kutoka mlangoni. Sikuona mtu, usije ukawaambia watu nimeona mtu. Maji yalikuja hatua kwa hatua, yakasimama mbele ya viatu vyangu. Kulikuwa na baridi iliyonuka ziwa. Na nikasikia pumzi, Ghislaine, inavutwa ndani, vile wanavyovuta wasitambulike.

Nikaangusha kitambaa. Nikasema, "Ni wewe, Télesphore. Télesphore Séguin, kaka yangu. Nilikujua ulipoingia. Nilikujua kwa yai la kwanza. Vua."

Kuku waligeuka, wote, wakanitazama. Kisha wakaenda kula, kama siku yoyote.

Sasa chukua fomu yako. Walitoka Oka, kwa watawa, mayai kumi na matatu, mtawa aliyatoa kwa hiari kwa kazi ya kuni, wala hayakuibwa. Mwaka 1918, Machi saba. Aliyewaleta, andika jina lote, na uandike kwa wino: Télesphore Séguin, alivuka ziwa kwa miguu. Kama nafasi haitoshi waambie waongeze karatasi. Lucien nimemsomea barua hii kabla ya kuifunga. Alilia kama ndama, kisha akaenda kuvipaka visu mafuta na kuvirudisha kabatini. Bibi Lortie naye akitaka kujua, nitamsomea mwenyewe kwenye simu, polepole, asipitwe na neno.

Njoo na matenga yako. Jogoo wa kibanda cha kushoto anauma, mshike kwa nyuma. Ukifika pitia mlango wa jikoni, ingia tu, usibishe. Utakuta meza imeandaliwa watu wawili na kiti kimoja kimelowa. Usikiguse wala usifute. Desturi ni desturi, aliyetajwa hukaa akala, na huyu alikuwa na njaa ya siku nyingi. Tangu jana namkatia mkate, na bado hajashiba.

Bibi yako,
Exilda